Mzee Anaposubiri Kuitwa

Desemba moja nilipokwenda kumtembelea baba Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, nilibeba kompyuta yangu pamoja na filamu chache, kwa kuwa mvua za mwezi ule zikishaanza alasiri hazimwachii mtu mzima nafasi ya kutoka nyumbani. Baba anasoma Kiingereza vizuri, lakini mazungumzo ya haraka humpita, kwa hiyo nilikaa kando yake nikimfasiria kila kilichosemwa. Usiku wa pili tulitazama filamu ya Kimarekani ya mwaka 2002 iitwayo *About Schmidt*, iliyoongozwa na Alexander Payne, ambamo Jack Nicholson anaigiza mzee wa miaka 66 anayestaafu kazi katika kampuni ya bima mjini Omaha, Nebraska. Mzee huyu, Warren Schmidt, anaona tangazo la televisheni linaloomba watu wawafadhili watoto wa nchi maskini, anakubali kutoa dola 22 kila mwezi, na baada ya muda anapokea picha ya mtoto wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 6. Kwa kuwa shirika limemshauri aambatanishe barua na hundi yake, anachukua kalamu na kuanza kuandika: mpendwa Ndugu.

Baba aliinua mkono niisimamishe filamu.

“Kamwita nani?”

“Ndugu, baba. Ndilo jina la mtoto. Ndugu Umbo.”

“Ndugu si jina la mtoto,” alisema. “Hilo ni neno la kumwita mwenzako.”

Alisema hivyo kwa uzito wote, na ninauelewa uzito huo. Yeye ni wa kizazi kilichokariri ahadi za mwana-TANU, ambazo ya kwanza inasema kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Kizazi ambacho baada ya Azimio la Arusha la 1967 kiliitana ndugu ofisini na mikutanoni, kuanzia waziri hadi tarishi. Mtazamaji wa Omaha husikia jina geni la mtoto wa mbali. Sisi tunasikia mgane asiyekuwa na mtu wa kuzungumza naye akiketi mezani usiku na kumwandikia ndugu yake. Sijui filamu nyingine ya Kimarekani ambayo kwa sikio la Kiswahili hubeba maana kubwa zaidi ya ile inayosikika kule ilikotengenezwa, na ndiyo sababu nimekuwa nikiirudia tangu usiku ule, pamoja na nyingine za aina yake, ninazopenda kuziita filamu za wazee wanaosubiri kuitwa.

Filamu inaanza kwa Schmidt akiwa amekaa katika ofisi tupu, makaratasi yake yote yamekwisha kufungwa katika maboksi, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani. Hana la kufanya, lakini anasubiri saa kumi na moja kamili ndipo ainuke, avae koti na kuzima taa. Siku chache baadaye anarudi pale kazini, akitumaini kwamba kijana aliyemrithi atakuwa na maswali ya kumuuliza. Kijana anampokea kwa adabu zote, anamshukuru, na hamuulizi lolote. Akiwa anatoka, Schmidt anayaona maboksi yale ya kumbukumbu zake yamewekwa nje, mahali pa takataka. Hakuna aliyemtukana wala aliyemfukuza. Ni kwamba tu hahitajiki tena. Kazi yake ilikuwa kukokotoa uwezekano wa watu kufa mapema au kuchelewa ili kampuni ipange malipo yake, na mke wake Helen anapoanguka ghafla na kufariki baada ya miaka 42 ya ndoa, anajipigia hesabu mwenyewe: mtu wa umri wake aliyefiwa na mke ana uwezekano wa asilimia 73 kufa ndani ya miaka 9 kama hataoa tena. Anamwandikia hesabu hiyo mtoto wa miaka 6.

“Hajamjulia hali mtoto,” baba alisema. Kwa barua tulizolelewa nazo sisi, mtu hawezi kufika kwenye habari zake kabla hajatoa salamu, hajaeleza kwamba dhumuni la barua ni kutaka kujua hali ya mwenzake, na hajasema kwamba yeye huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwa aliye mbali. Schmidt anaruka yote hayo. Karibu kila barua yake inamhusu yeye mwenyewe: jinsi alivyostaafishwa, mambo ya mkewe yaliyokuwa yakimuudhi, na jinsi asivyompenda kijana anayetaka kumwoa binti yake. Ndivyo upweke ulivyo, na watengenezaji wa filamu hii waliuona vizuri sana. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kusikilizwa, akipata wa kumsikiliza humwaga yote kwa mkupuo mmoja.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Mama alifariki miaka miwili kabla ya Desemba ile, na baba, aliyekuwa karani wa hesabu maisha yake yote na kustaafu akiwa na miaka 60, alibaki peke yake na redio. Sisi watoto tulifanya tulichoamini ni wajibu wetu. Tulituma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, tulimtafutia binti wa kumpikia, tulimpigia simu kila Jumapili. Alikuwa anapendwa, na analijua hilo. Lakini kila asubuhi alinyoosha shati lake kwa pasi, akalivaa, akakaa barazani akitazama geti, na simu zetu za Jumapili zikawa ndefu kuliko habari tulizokuwa nazo, kwa sababu kila nilipotaka kuaga alikumbuka jambo jingine la kuniuliza, mara bei ya saruji, mara afya ya mtu ambaye tulikuwa tumekwisha kumzungumzia. Nilidhani kinachompungukia ni sisi. Nilikosea.

Kilichombadilisha kilikuja kwa miguu. Akina mama wa mtaani wenye kikundi cha kuweka na kukopa waligombana juu ya daftari lao, kwa sababu mwandishi wao alikuwa akichanganya hisa na marejesho ya mikopo, na mmoja wao akakumbuka kwamba yule mzee wa nyumba ya kona alikuwa mtu wa hesabu. Walikuja watatu, wakapiga hodi, wakamwamkia, wakamwomba awatazamie. Baba aliomba vitu viwili, rula na kalamu nyekundu. Nilipoliona daftari lile baadaye, niliitambua mistari yake mara moja. Ni ileile aliyonifundisha kuichora nilipokuwa darasa la nne, safu ya tarehe ikiwa nyembamba, safu ya jina ikiwa pana, na chini ya kila ukurasa jumla iliyopigiwa mistari miwili miekundu. Miezi miwili baadaye, Jumapili moja, simu yetu ilikatika mapema, na aliyeikata alikuwa yeye. Alisema akina mama wanamsubiri.

Kwa hiyo watu wanapozisifu filamu hizi kwa kuwa zinapasha moyo joto, nakubaliana nao kuhusu joto lenyewe, lakini nadhani mara nyingi hatusemi linatoka wapi. Filamu zilizo dhaifu humpa mzee mwenye uso uliokunjamana mtoto mchangamfu au mnyama mzuri wa kumlainisha, kana kwamba ugonjwa wake ulikuwa ukali. Zilizo bora zinajua kwamba mzee huyu amekosa mtu wa kumwita kwa jambo ambalo bila yeye litakwama.

Iliyolijua hilo kabla ya wengi, na ambayo kwangu bado haijapitwa, ni *Ikiru* ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1952. Jina lake maana yake ni kuishi. Takashi Shimura anaigiza Kanji Watanabe, mkuu wa kitengo katika ofisi ya jiji, ambaye kwa karibu miaka 30 amekuwa akigonga mihuri kwenye makaratasi bila kukosa siku hata moja kazini. Mwanzoni kabisa mwa filamu tunaonyeshwa picha ya eksirei ya tumbo lake na kuambiwa kwamba ana saratani, ingawa yeye mwenyewe bado hajui. Kisha tunaambiwa, bila kuficha, kwamba mtu huyu ni kama amekwisha kufa zamani. Wakati huohuo kundi la kina mama linazungushwa ofisi hadi ofisi, kutoka dirisha hili hadi lile, kwa kuomba tu kwamba dimbwi la maji machafu mtaani kwao lifukiwe na watoto wapate kiwanja cha kuchezea. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia hati ofisini na kuambiwa “njoo kesho” atalitambua tukio hilo bila kuhitaji mkalimani.

Watanabe anapoujua ugonjwa wake, kwanza anatafuta starehe za usiku, na hazimsaidii. Halafu anajiegemeza kwa Toyo, msichana aliyekuwa chini yake ofisini, ambaye ameacha kazi ile ya kuchosha na kwenda kutengeneza sungura wa kuchezea kiwandani. Anamfuata msichana kila mahali, anamnunulia chakula, anamtazama anavyocheka, mpaka msichana anaanza kumwogopa. Sehemu hii huwa naiheshimu kuliko zote, kwa sababu Kurosawa anakataa kutuuzia uongo. Ujana wa mtu mwingine hauwezi kuwa dawa ya mzee, na msichana mwenyewe anamwambia hivyo kwa namna yake: anamwekea sungura mezani, anamwambia kwamba akiwatengeneza hawa anajiona kama anacheza na watoto wote wa Japani, na kwa nini yeye naye asitengeneze kitu? Watanabe anainuka, anamkamata sungura yule, anashuka ngazi mbio, na papo hapo vijana waliokuwa wakimsubiri mwenzao juu wanaanza kuimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Hawamwimbii yeye, lakini sisi tunaotazama tunajua ni nani aliyezaliwa.

Kisha filamu inafanya jambo ambalo mwongozaji mwoga asingethubutu. Inaruka miezi mitano mbele, na tunamkuta Watanabe ni picha iliyowekwa juu ya meza ya msiba. Tunaipata habari ya kazi yake ya mwisho kutoka kwa wafanyakazi wenzake waliokaa matangani wakinywa, mmoja akikumbuka hiki na mwingine kile: jinsi alivyokaa katika korido za wakubwa akiwa ameinamisha kichwa, alivyorudi kila alipokataliwa, alivyowapuuza hata wahuni waliomtisha. Askari polisi analeta kofia iliyookotwa katika kiwanja kipya cha watoto na kusimulia kwamba usiku ule wa theluji alimwona mzee akipembea polepole kwenye bembea huku akiimba, na kwa jinsi alivyoonekana mwenye furaha, akamwacha. Mwaka 2022 Oliver Hermanus aliitengeneza upya hadithi hii nchini Uingereza kwa jina la *Living*, kwa mwongozo ulioandikwa na Kazuo Ishiguro, Bill Nighy akiwa mzee wa ofisi katika London ya 1953. Ni kazi nzuri, safi, yenye staha, na Nighy anaongea kwa sauti ya mtu anayeogopa kumsumbua mwenzake. Lakini mwenye nafasi ya kutazama moja tu na aichague ya Kijapani.

Mwaka uleule wa 1952, Vittorio De Sica alitoa nchini Italia *Umberto D.*, habari ya mstaafu wa Roma ambaye pensheni yake haitoshi kulipa kodi ya chumba. Mzee huyo aliigizwa na Carlo Battisti, ambaye hakuwa mwigizaji bali profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha Florence. Ipo sekunde chache ndani yake ambayo siwezi kuisahau: mzee anajifunza kuomba, ananyoosha kiganja, mpita njia anasimama kutafuta sarafu, na papo hapo mzee anakigeuza kiganja chini kama mtu aliyekuwa akitazama kama mvua inanyesha. Anayebaki kumhitaji mzee huyo ni mbwa wake tu, Flike, na De Sica anaonyesha kwamba hata huyo anatosha kumrudisha mtu kutoka ukingoni mwa reli.

Kuna na ile ya Uswidi ya 2015, *En man som heter Ove*, iliyoongozwa na Hannes Holm kutokana na riwaya ya Fredrik Backman, ambayo miaka saba baadaye Wamarekani waliirudia wakimpa Tom Hanks nafasi ya mzee. Ove, anayeigizwa na Rolf Lassgård, amefiwa na mke, ameachishwa kazi, na ameamua kumfuata marehemu. Ni habari nzito, na filamu haiichezei. Kila anapojiandaa, mlango unagongwa. Jirani mpya, Parvaneh, mwanamke mwenye asili ya Iran, mjamzito na mama wa watoto wawili, anataka kuazimwa ngazi, anataka mtu wa kumpeleka hospitalini, anataka kufundishwa kuendesha gari. Wengine wanaona kwamba mwanamke huyu anamwokoa Ove kwa wema wake. Mimi naona anamwokoa kwa shida zake. Angemletea chakula kila siku na kumuuliza anajisikiaje, Ove angeufunga mlango. Lakini mtu hawezi kuufunga mlango akiwa ameona jirani anairudisha nyuma trela vibaya, hasa kama yeye ni mtu ambaye maisha yake yote amefanya mambo kwa usahihi. Ninaipenda ile ya Kiswidi kuliko ya Kimarekani kwa kuwa Lassgård hatuombi tumpende, ilhali kwa Hanks tunakuwa tumekwisha kumpenda kabla hajafungua kinywa.

Baba, hata hivyo, aliyempenda kuliko wote hakuwa wa kubuniwa. *The First Grader* ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Justin Chadwick na kupigwa picha nchini Kenya, inasimulia habari ya Kimani Ng’ang’a Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau. Serikali ya Kenya iliondoa karo ya shule za msingi Januari 2003. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2004, Maruge akiwa na miaka 84 alikwenda shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akataka kuandikishwa darasa la kwanza, akavaa kaptula na soksi ndefu kama sare ilivyotaka. Septemba 2005 alisafiri hadi New York kuhutubia Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi ya bure. Oliver Litondo, aliyekuwa mtangazaji maarufu wa televisheni Kenya, anamwigiza kwa utulivu mkubwa. Macho yake huangalia ubao kama mtu anayeangalia shamba alilonyang’anywa. Filamu inapunguza na kuongeza baadhi ya mambo, na mwisho wake ni mwepesi kuliko maisha ya mzee mwenyewe, ambaye baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 alijikuta katika kambi ya waliohamishwa, na akafariki Agosti 2009 kabla filamu haijatoka. Hata hivyo hapa pana jambo ambalo filamu nyingine hazina. Maruge hakungoja kuitwa. Serikali iliposema kila mtu aje asome, alilichukulia neno “kila mtu” kwa maana yake kamili, akaitika. Baba alitazama mkono wa mzee ukiminya penseli, akasema, “Mwambie alaze daftari kidogo kushoto.”

Nirudi kwa Schmidt. Baada ya harusi ya binti yake huko Denver, ambako anatoa hotuba ya adabu huku akiwa hakuikubali ndoa ile hata kidogo, anaendesha gari lake kubwa kurudi Omaha peke yake. Njiani anamwandikia Ndugu barua ya mwisho, nayo ni nzito kuliko zote: anajiuliza kama kuna mtu hata mmoja ambaye maisha yake yamekuwa afadhali kwa sababu ya Warren Schmidt, na anajijibu kwamba hayupo. Anafungua mlango wa nyumba iliyojaa barua zilizorundikana. Moja ina stempu ya Tanzania.

Imeandikwa na mtawa anayefanya kazi katika kijiji kilicho karibu na Mbeya. Nilipofasiri neno hilo sauti ilinikwama, na baba, aliyekuwa ameegemea kiti, akakaa wima. Mtawa anasema kwamba Ndugu ni yatima, ni mtoto mwerevu na mwenye upendo. Kwamba hivi karibuni aliugua jicho na kutibiwa, na sasa hajambo. Kwamba anapenda kula tikiti na anapenda kuchora. Anasema barua zote zimefika, na mtoto humfikiria mzee kila siku, lakini kwa kuwa ana miaka 6 na hajui kusoma wala kuandika, amemchorea picha. Schmidt anaikunjua karatasi. Ni mtu mkubwa na mtu mdogo, wa vijiti kama wanavyochora watoto wote wa dunia hii, wameshikana mikono chini ya jua. Nicholson hasemi kitu. Uso wake unaanza kutetemeka kuanzia mdomoni, machozi yanamtoka, na ndani ya machozi hayo kunapita kitu kama tabasamu. Kisha filamu inakwisha.

Majina yalianza kupita kwenye skrini. Nje mvua ilikuwa imekatika, na maji yalisikika yakidondoka kutoka paani kwenye pipa. Nilitegemea baba angeuliza habari za yule binti, au za zile barua za siri ambazo Schmidt alizikuta kabatini mwa marehemu mkewe, kwa maana zilimkera sana tulipozifikia.

“Alimjibu?” aliuliza.

Nilimwambia filamu haionyeshi.

Alikaa kimya muda mrefu, akachukua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati. “Atakuwa amemjibu,” alisema. “Ila safari hii aanze kwa kumuuliza jicho linaendeleaje.”